Taarifa ya M-Pesa haijui "kwa nini"

Nikisema kodi, najua wengi wenu mtafikiria ile tunayoandika kwenye kompyuta. La, leo ni ile ya KRA, yaani ushuru wa mapato.

Ritani ya mwaka uliopita mwisho wake ni 30 Juni. Ukichelewa, mtu binafsi hupigwa faini ya shilingi 2,000 au 5% ya ushuru anaodaiwa, kile kilicho kikubwa. Wiki hiyo ukipita River Road utaona saiba zimejaa hadi kwenye ngazi. Lakini sisi tunaojiajiri tuna tarehe nyingine isiyotajwa sana: ushuru uliobaki unatakiwa ulipwe kufikia 30 Aprili. Baada ya hapo riba ya 1% kwa mwezi inaanza kuhesabiwa. Kwa hivyo anayeanza kutafuta karatasi Juni ameshachelewa.

Mimi huyaandikia maduka ya hapa River Road programu za mauzo na stoki, na wengi hunilipa kwa M-Pesa. Kupata taarifa ya mwaka mzima si kazi: piga *334#, uombe, inakuja kwa barua pepe ikiwa PDF. Shida ni kwamba taarifa hiyo inajua nani, lini na kiasi gani, lakini haijui kwa nini. Kwenye moja yangu kuna mistari miwili ya 15,000 iliyofuatana. Mmoja ni malipo ya duka la nguo, mwingine ni zamu yangu ya chama. Wa kwanza ni mapato, wa pili ni akiba yangu iliyorudi. Mashine haiwezi kuitofautisha, na ukikaa miezi kumi na miwili wewe pia hutaweza.

Basi nina skripti ndogo ya Python inayogeuza ile PDF kuwa CSV na kuongeza safu moja tupu: SABABU. Kila Ijumaa jioni naijaza. Dakika kumi tu.

Vingine vilivyomo kwenye folda yangu:

1. Vyeti vya ushuru uliokatwa. Kampuni ikikulipa ada ya utaalamu hukukata 5% na kuipeleka KRA. Hakikisha cheti kimeonekana kwenye iTax, la sivyo utalipa mara mbili. Mteja mmoja alinikata 4,000 kwenye kazi ya 80,000, cheti hakuna. Niliuliza Februari, mhasibu wao akakitoa siku hiyo hiyo. Kufika Mei alikuwa ameshaacha kazi pale.

2. Ankara za eTIMS. Tangu 1 Januari 2024, matumizi ya biashara yasiyo na ankara hiyo kwa kawaida hayakubaliwi kupunguza mapato yako. Ukinunua nyaya na karatasi za risiti za 12,000 bila ankara, na uko kwenye ngazi ya 30%, umeongeza ushuru wa 3,600. Muuzaji akikwambia, "Boss, bila risiti nakupunguzia mia tano," piga hesabu kwanza. Na umpe PIN yako kabla hujalipa.

3. Picha za risiti. Zile za karatasi laini hufifia, na sheria inataka rekodi zikae miaka 5. Piga picha siku hiyo hiyo.

4. Neno la siri la iTax. Usimwachie kijana wa saiba. Angalia pia kwamba barua pepe iliyoandikwa kwenye akaunti ni yako, si yake.

Ukiwa na hivyo, kujaza ile faili ya Excel ya iTax ni kunakili tu.

Juzi mama mwenye lile duka la nguo aliiona safu yangu ya SABABU kwenye kioo. Akaniambia, "Kijana, na mimi niwekee hiyo." Nimemwekea. Yeye huijaza kila jioni kabla ya kufunga, kwa hivyo ameshanipita.