Nukta moja, Mrundi mmoja

Nilipotea kidogo, ni mambo ya kukimbizana na wahariri. Leo sina siasa. Nataka tuongelee kompyuta, lakini usinikimbie, maana tutafika Kasulu na Kibondo.

Kuna aina moja ya utafiti inayonivutia sana. Unaunda kijidunia ndani ya kompyuta, unaweka watu humo, kila mtu ni nukta tu. Kila nukta unaipa masharti yake: ukiwa hapa fanya hivi, ukiona vile ondoka. Wasomi wanaziita nukta hizo mawakala, na kijidunia chote wanakiita modeli. Halafu unaiachia iende, unatazama hao wengi watafanya nini.

Sasa swali: hiyo nukta uipe vitu gani? Umri? Kabila? Watoto? Njaa?

Mwaka 1971 mchumi wa Marekani, Thomas Schelling, alionyesha kwa ubao kama wa drafti kwamba hata kidogo kinatosha. Kila nukta ilikuwa na sharti moja: majirani wa aina yangu wakiwa wachache mno, nahama. Hakuna aliyemchukia mwenzake kupindukia, lakini mwishowe mtaa ukagawanyika pande mbili. Mwaka 2004 Bruce Edmonds na Scott Moss, watafiti wa Manchester, wakaja na hoja ya kinyume: anza na yote ambayo ushahidi unakupa, halafu punguza yasiyo na kazi.

Nani ana haki? Mimi niliwapeleka wote nyumbani.

Nyumbani ni Kasulu. Aprili 2015, Pierre Nkurunziza alipoteuliwa kugombea urais wa Burundi kwa muhula wa tatu, nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Vurugu zikaanza Bujumbura, watu wakamiminika kwetu. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, ikafurika. Oktoba mwaka huo Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya. Januari 2016 ikafuata Mtendeli, Kakonko.

Mwaka 2017 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, yaani Diana Suleimenova, David Bell na Derek Groen, walichapisha kwenye jarida la Scientific Reports modeli yao ya wakimbizi iitwayo Flee. Waliijaribu kwa Mali, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Burundi. Kwa hiyo sisi tumo.

Nukta yao haina jina, umri wala kabila. Ikiwa penye mapigano, inaondoka. Ikiwa mji wa njiani, kila siku ina uwezekano wa asilimia 30 wa kuendelea na safari. Ikifika kambini inatulia. Uwezekano wa kuondoka ni 1 kati ya 1,000. Ikichagua njia, ya karibu inaivuta kuliko ya mbali. Idadi ya wote wanaokimbia haibashiriwi, inachukuliwa kwenye takwimu za UNHCR. Kazi yake ni kusema wanaelekea wapi. Na baada ya siku 12 za mwanzo, ilipatia zaidi ya asilimia 75.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliudhika. Hivi mama aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni ndiyo amekuwa nukta? Hata lugha hawakuiweka! Sisi Waha tunaelewana na Warundi bila mkalimani. Lakini fikiri vizuri. Kasulu wanaongea Kiha, Kibondo wanaongea Kiha. Kama swali ni Nyarugusu au Nduta, lugha haitenganishi chochote. Ila ukibadili swali, ukauliza ni nani hakufika kambini kabisa kwa sababu amepokewa kwa shemeji yake kijijini, hapo lugha na undugu ndiyo kila kitu, na modeli hiyo haitakuona, kwa sababu inapimwa kwa orodha za kambini.

Tazama na Kagunga. Mei 2015 makumi ya maelfu ya watu walirundikana kwenye kijiji hicho kidogo, mbele Ziwa Tanganyika, nyuma mlima. Ukipima kilomita, mji wa Kigoma si mbali. Lakini barabara ya kuwatoa haikuwepo, tegemeo likawa MV Liemba, meli ya enzi za Wajerumani iliyokuwa ikibeba watu kama 600. Kipindupindu kikaingia, na kufikia tarehe 22 Mei kilikuwa kimeua watu 31. Modeli inayojua kilomita na haijui meli ingewafikisha watu Kigoma wakati wenyewe wako ufukweni wanakufa.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Toa kitu kimoja, endesha modeli tena. Jibu likibaki lilelile, kiache nje hata kama kinakuuma. Likibadilika, kirudishe hata kama kinakusumbua. Na kama huna takwimu zake usikichomeke kwa kukisia, maana kisio likishaingia kwenye kompyuta linavaa suti na kuitwa matokeo. Mtaka yote hukosa yote.

Lakini tusisahau kwamba kuna mtu anayechagua swali. Ukiuliza malori mangapi ya mahindi yaende Nduta, nukta tupu inatosha. Ukiuliza habari za kuni, haitoshi: anayeingia porini kutafuta kuni mara nyingi ni mwanamke au msichana, na nukta isiyo na jinsia haiwezi kukuonyesha hatari inayomsubiri huko. Hapo kumwacha nje si kurahisisha hesabu tena, ni kumficha.

Siku mkubwa fulani akija na namba za kompyuta kuhusu kijiji chenu, msimuulize tu kama hesabu ni sahihi. Muulizeni ilikuwa inajibu swali gani, na ni nani aliachwa nje.

Tuko pamoja.