Niliyojifunza kwa Penina Mlama

Wengi wanamfahamu Penina Muhando, ambaye baadaye alijulikana kama Profesa Penina Mlama, kwa tamthilia zake: Hatia, Pambo, Nguzo Mama, Lina Ubani. Mimi namshukuru zaidi kwa kazi ambayo huwezi kuikuta kwenye rafu ya vitabu vya kiada. Ni ile aliyoifanya vijijini na mashuleni pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hasa Amandina Lihamba. Katika kazi hiyo wasanii wa chuo hawakwenda na mchezo uliokwisha kutungwa. Walikwenda kuuliza.

Malya, wilayani Kwimba, mwaka 1982 hadi 1983, walikaa na wanakijiji na kusikiliza yanayowasumbua. Lililojitokeza ni mimba za wasichana, wanafunzi wakiwamo. Ingekuwa rahisi sana kutunga igizo la kumkemea msichana, wazee wapige makofi, kila mtu arudi kwake akiwa ameridhika. Badala yake vijana wa Malya wenyewe walishiriki kutunga na kucheza, kwa ngoma na maigizo, na onyesho lilipokwisha watu walibaki kujadiliana. Ukifuatilia mjadala wa namna hiyo kwa uaminifu, huwezi kuishia kwa msichana. Utafika kwa vijana wasio na kazi, kwa wazazi, kwa serikali ya kijiji.

Hapo ndipo somo langu la kwanza lilipo. Tuliolelewa kwenye sanaa tunapenda kuamini kwamba makofi ndiyo mwisho wa kazi. Kwa Mlama, makofi yalikuwa katikati yake.

Naongoza kikundi kidogo cha maigizo kando ya Ziwa Victoria. Tulipokuwa tukiandaa mchezo kuhusu utoro wa wasichana, tuliamua kufanya mazoezi palepale mwaloni, mbele ya wanawake wanaoanika dagaa. Mwigizaji wetu aliyecheza kama mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akigombana na binti yake. Mama mmoja akaacha kazi yake, akatuuliza ni nani huyo mwenye nafasi ya kukaa. Akaingia mwenyewe uwanjani. Akaonyesha ugomvi huo unavyokwenda: mikono inageuza dagaa, mdomo unasema, na binti amembeba mdogo wake mgongoni. Kisha akatueleza jambo ambalo hatukulisikia shuleni wala ofisini. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo binti anayeonekana mtoro hatoroki ovyo. Anakosa shule giza linapoingia, kwa kuwa mama yuko mwaloni tangu alfajiri na hakuna wa kubaki na watoto wadogo. Mwezi ukirudi, naye anarudi darasani.

Mchezo wote uligeuka. Tuliacha kuuliza kwa nini mama hajali, tukauliza nani abaki na watoto siku za giza, na mbele ya mwenyekiti wa kitongoji wanawake wakaanza kupanga zamu. Hakuna mwandishi, hata awe na kipaji gani, ambaye angeyapata hayo akiwa chumbani kwake. Yule mama hakuwa mtazamaji aliyepewa nafasi kwa hisani. Alikuwa mwenye habari.

Ndiyo maana naumia ninapoona kile ambacho siku hizi huitwa sanaa shirikishi katika maeneo mengi. Gari linafika na spika, ngoma inapigwa ili watu wajae, igizo fupi linachezwa likiwa na ujumbe ulioandikwa na mfadhili, fulana zinagawiwa, gari linaondoka. Hilo ni tangazo. Wenyeji wametumiwa kama umati, na waigizaji, ambao wengi wao ni vijana wenye uwezo mkubwa, wametumiwa kama kipaza sauti.

Mwaka 1996 Mlama na Lihamba walianzisha Tuseme, mradi wa maigizo katika shule za sekondari nchini Tanzania. Wasichana walitaja wenyewe yanayowazuia kusoma, wakayachambua, wakayacheza mbele ya walimu wao. Hebu fikiria ujasiri unaohitajika kwa msichana kusimama na kuigiza usumbufu wa kingono mbele ya watu wenye mamlaka juu yake. Baadaye, Mlama alipokuwa Mkurugenzi Mtendaji wa FAWE, shirika la Afrika linalotetea elimu ya wasichana, jijini Nairobi, mbinu hiyo ilivuka mipaka hadi nchi kama Rwanda na Senegal.

Mambo haya huenda polepole. Malya walijadili mimba za wanafunzi mwanzoni mwa miaka ya themanini. Ni Novemba 2021 ndipo serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Karibu miaka arobaini. Sisemi maigizo peke yake ndiyo yaliyoleta uamuzi huo. Nasema kuna watu walioendelea kulizungumza jambo hilo hadharani wakati wengine wakilionea haya, na wasanii hawa walikuwa miongoni mwao.

Nawaomba viongozi wa vikundi na wale wanaotufadhili: mnapopanga bajeti ya onyesho, tengeni siku za kukaa na watu kabla mchezo haujatungwa, na muda wa kutosha wa kujadiliana baada ya kuchezwa. Na wenyeji wakitaka kuubadili, waachieni uwanja.