Usiku wa mabesi ndani ya Noah

Najua nimepotea kidogo, lakini msimu huu ni wa sendofu na kipaimara, na mtu anayepiga bendi anajua wikiendi hizi zinavyommaliza. Kuna swali nimeulizwa na watu watatu wiki hii hii, wawili kwenye foleni ya kantini na mmoja katikati ya lekcha: "Hivi nyie vyombo vyenu vya muziki vinalala wapi?" Basi nijibu hapa hapa mara moja. Vinalala kwenye gari. Na sisi tunalala navyo kwa zamu.

Kwa wasiotuona tukipakia, mzigo wenyewe uko hivi. Spika mbili za inchi 15. Mabesi mawili ya inchi 18, yale maboksi meusi ya plywood ambayo mtu mmoja hanyanyui hata awe na kifua cha bondia. Amplifaya mbili zimefungwa kwenye raki moja ya chuma, mikisa ya chaneli 12, kinanda, magitaa mawili, seti ya drams, stendi, na mfuko wa nyaya ambao peke yake ni mzito kama gunia la viazi. Sasa chumba chetu hosteli ni cha watu wanne, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Na hata ingekuwepo, geti la hosteli linafungwa saa sita usiku na sisi tunarudi saa nane. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini hatupandishi vyombo juu, nitakucheka tu.

Kingine ambacho wengi hawajui: vile vyombo ni vyetu. Tulichangishana miaka miwili, kila shoo tunaweka nusu ya pesa pembeni, mpaka tukanunua kimoja kimoja, vingine mtumba, vingine tumevikuta vimeungua tukavipeleka kwa fundi. Nasisitiza hili kwa sababu kwenye muziki wa nchi hii mwenye vyombo ndo mwenye bendi. Soma historia ya dansi utaona. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika jina, mpaka leo tunaita Msondo. Mlimani Park ilianza 1978, halafu baadaye ikawa ya shirika la maendeleo la jiji, ndo maana kuna DDC mbele ya jina. Wanamuziki walikuwa wanahama bendi kila mwaka, lakini waliondoka na sauti zao tu, vyombo vilibaki kwa mwenyewe. Sisi tuna bahati ya kumiliki vya kwetu, ila hatuna shirika la kutupa stoo.

Na siyo sifa tu. Mshkaji wetu wa besi hakupata mkopo. Ada yake inatoka kwenye hizo spika, wikiendi kwa wikiendi. Asipomaliza kulipa, jina lake halitakuwepo kwenye orodha ya kuingia UE. Kwa hiyo kibaka akivunja kioo cha Noah usiku mmoja, anaondoka na mwaka mzima wa mtu.

Jumamosi iliyopita tulipiga sendofu Kibaha. Tumemaliza saa sita na nusu, kufungua na kupakia, chuoni saa nane na dakika. Jumapili saa tatu asubuhi tunatakiwa Mbagala, kipaimara, wameshalipa adivansi. Kupeleka vyombo Ubungo kwa shangazi yake mpiga kinanda kisha kuvifuata alfajiri haiwezekani, ni mama mwenye watoto wadogo, huwezi kumgongea saa tisa usiku na mabesi. Basi, Noah ikalala parking ya nyuma ya hosteli, karibu na kibanda cha mlinzi.

Kupaki nako kuna elimu yake. Buti la Noah ndo mlango ambao mwizi anautaka, kwa hiyo tunarudi rivasi mpaka buti linabaki nchi nne kutoka ukutani. Hata afungue loki, mlango unapanda wapi? Noah yetu ni ya zamani, ina mlango mmoja tu wa kusukuma, upande wa kushoto, na huo tunauweka upande wa kibanda chenye taa. Mabesi yanakaa nyuma kabisa kwa sababu ya uzito wake, na mnyororo wa baiskeli unapita kwenye mikono ya maboksi unazunguka chuma cha siti. Mwizi mwenye mkasi mkubwa atakata, sikatai, lakini atakata kwa kelele na kwa muda.

Vitu vidogo vyote tunapanda navyo juu: mikisa, maiki, kinanda, adapta. Mwizi wa Dar anapenda kitu cha kukimbia nacho. Mnakumbuka namna watu wanavyochora namba ya gari kwenye saitimira na kwenye taa ili zisiuzike? Na sisi tumechora kwa msumari wa moto nyuma ya kila boksi, na namba za kiwandani tumezipiga picha zote ziko kwenye simu za watu watatu. Siku ukienda polisi kuchukua RB ukasema "spika nyeusi kubwa", afande atakuangalia tu. Spika zote ni nyeusi kubwa. Bima nayo msiitegemee, ile ndogo haigusi hata gari lako mwenyewe, sembuse mzigo ulio ndani.

Tunafunika kila kitu kwa kaniki na blanketi kuukuu, siyo turubai. Wengi wanapenda turubai. Hewa ya Dar ina chumvi na unyevu, ukifunika kwa plastiki asubuhi unakuta jasho limetanda juu ya amplifaya, na baada ya miezi sita soketi zina kutu, kila ukigusa waya spika inakohoa. Jua ni adui mwingine: gari lililofungwa likipigwa na jua la saa tatu asubuhi linakuwa tanuri, na gundi ya gitaa la mbao huanza kulegea. Ndo maana tunapaki chini ya mwembe, ingawa msimu wa maembe ni shida nyingine, yanadondoka juu ya bati utadhani unapigwa mawe.

Halafu kuna wizi wa gari zima na vyombo ndani. Msidhani ni mambo ya uswahilini tu. Radiohead, bendi kubwa ya Uingereza, waliibiwa gari la vyombo mwaka 1995 kule Denver, Marekani. Gitaa moja la Jonny Greenwood lilirudi kwake mwaka 2015, miaka ishirini baadaye! Sonic Youth nao yaliwakuta California mwaka 1999, lori zima likayeyuka, na vyombo vikawa vinapatikana kimoja kimoja kwa miaka mingi. Hao ni watu wenye mameneja. Sisi fundi wa mtaani alitufungia swichi ya siri inayokata pampu ya mafuta, sehemu ambayo siandiki hapa, mtanisamehe.

Basi bwana, zamu ilikuwa yangu na mpiga drams. Tukamsalimia mlinzi, mzee mmoja tunamwita Babu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba wajukuu. Leo tena mnalala na maspika?"

"Ndiyo Babu, kesho mapema tuna safari."

"Haya. Mimi nipo, ila mjue macho yangu ni ya mzee."

Kulala kwenye Noah iliyojaa ni adhabu. Siti ya katikati, miguu juu ya raki, kioo kimeachwa wazi vidole viwili kwa ajili ya hewa, na mbu wote wa wilaya wanapita hapo hapo. Nadhani nilikuwa nimesinzia kama saa kumi hivi, nikasikia bodaboda inazimwa. Siyo inapita, inazimwa. Halafu hatua. Mwanga wa simu ukapita kwenye kioo cha nyuma, ukapita cha pembeni, ukasimama. Nikaona mkono kwenye kitasa cha mlango wa kusukuma. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka kabisa. Mpiga drams hakusema kitu. Alinyoosha mkono chini ya kaniki, akavuta toazi, akalitandika fimbo kwa nguvu zake zote.

Jamani. Ndani ya gari lililofungwa! Masikio yangu yaliimba mpaka Mbagala. Huko nje nilisikia mtu ameanguka, Babu ametoka kibandani na rungu, madirisha ya hosteli yanafunguka watu wanatutukana. Vijana wawili wakawa wameshafika kwenye pikipiki, mmoja anasema eti alidhani ni gari ya rafiki yake. Wakaondoka bila taa. Hatujui kama kweli walikuwa wezi, na Babu hakutaka tuwakimbize. Alikaa kwenye ngazi akawa anatetemeka mikono, tukamchemshia chai kwenye jagi lake la umeme. Hapo ndo nilimwona kweli ni mzee.

Tangu Jumapili bendi inabishana. Mpiga drams anasema tuuze mabesi, tununue spika mbili ndogo zenye amplifaya ndani, zinazobebeka mpaka ghorofa ya tatu. Mshkaji wa besi, ambaye ndiye mwenye ada, hataki hata kusikia: harusi ya watu mia tatu bila besi la inchi 18 hawakuiti tena. Mimi niko upande wake, ingawa mgongo wangu uko upande wa mpiga drams. Ila Babu kutegemewa usiku kwa soda na salamu tu, hapo wote tumekubaliana siyo haki, hata kama hajawahi kuomba. Kuanzia shoo ijayo ana fungu lake, sawa na mpiga gitaa.

Na shangazi wa Ubungo amepiga simu leo mwenyewe. Amesema tulete mabesi kwake wiki hii yote mpaka Ijumaa, anataka kuweka TV juu yake, zinamfaa kwa urefu. Usiku wa Jumamosi tu ndo yatabaki kwetu.

Ngoja nikimbie, nina testi saa mbili na sijagusa noti.