Kingo tisa

Nimerudi chuo, fildi imekwisha, ila kuna dogo mmoja wa Juani hanitoki kichwani. Nilichora mche mstatili ubaoni, nikauliza una kingo ngapi. Akaandika 9. Nikampiga kosa, tena nikalisoma kwa sauti. Darasa likacheka, yeye akanyamaza wiki nzima.

Jioni moja namkuta ufukweni na babu yake, wanapanga mataruma ya mashua kwa jicho tu, mchoro hakuna (mafundi wa Chole nao ndio zao). Nikaona aibu.

Kesho yake nikaja na boksi la sabuni. Akaligeuza, akahesabu: 12.

"Samahani mwalimu, ubaoni zilionekana tisa. Za nyuma hukuchora."

Kweli bwana, mistari ya nukta nukta niliisahau! Nikafuta lile kosa mbele ya wote.