Riziki Hufuata Maji: Siku Moja na Wakulima wa Mwani, Paje

Tuliondoka Mjini baada ya sala ya alfajiri, kwa sababu tulikuwa tumeonywa kwamba Paje haina saa za ofisi. Huko kazi huanza maji yanapotoka na huisha yanaporudi. Ilikuwa siku ya tatu ya mwezi mwandamo, wakati wa bamvua, na maji yangekupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Daladala ilipita Tunguu, ikaukata msitu wa Jozani wenye kima punju wake, na baada ya kilomita zipatazo 50 tukaiona bahari ya mashariki, nyeupe karibu na pwani na buluu kule mbali mawimbi yanakovunjika juu ya mwamba.

Mwenyeji wetu, bibi aliyepindukia miaka 60, alikuwa keshafika ufukweni, kanga kaifunga kiunoni na gunia kalikunja begani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, wanangu. Mmekuja kutazama au mmekuja kufanya kazi?”

Tulijibu kwamba tumekuja kwa yote mawili. Akatucheka kidogo, akatuamuru tuvae viatu vya mpira, maana chini kuna miba.

Shamba la mwani halina mpaka wa ukuta wala wa miti. Ni safu za vigingi vilivyochomekwa mchangani, na baina ya kigingi na kigingi imetandazwa kamba. Juu ya kamba kuna nyuzi fupi ambazo wakulima huziita taitai, na kila uzi umefunga kishada cha mbegu. Mbegu ikikaa majini kiasi cha wiki sita huwa imeshiba. Hapo huvunwa, sehemu yake ikarudishwa kambani iwe mbegu mpya, na iliyobaki ikajazwa magunia na kupelekwa kuanikwa. Kilo saba au nane za mwani mbichi hutoa kilo moja tu ya mkavu. Tulisaidia kunyanyua gunia moja, tukaelewa kwa nini wanawake hawa hutembea polepole wakirudi nyumbani.

Kilimo hiki kilianza kwa biashara hapa Unguja mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na Paje na Jambiani zikawa miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Mwani mkavu husafirishwa ng’ambo, ambako hutolewa dutu ya kugandishia inayotiwa katika dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Wengi wa wakulima ni wanawake. Kabla ya hapo, bibi alitueleza, kazi yake ilikuwa makumbi: kuyafukia ufukweni kwa miezi, kuyafukua yakiwa yameoza na kunuka, kuyaponda kwa rungu mpaka yatoe usumba, kisha kusokota kamba.

Tulimuuliza alijisikiaje alipoiacha kazi ile na kushika hii.

“Makumbi yalinipa chumvi na mafuta ya taa,” alisema. “Mwani ulinipa mlango. Ule mlango wa mbele mliopitia asubuhi niliununua mimi, kwa fedha yangu. Mpaka leo nikiufungua, nasikia raha.”

Maneno hayo tulikaa nayo. Dini yetu ilikwisha kumpa mwanamke haki ya kumiliki mali yake, bila ya mume wala ndugu kuingiza mkono. Lakini haki ya kumiliki haina uzito mkubwa kwa asiye na cha kumiliki. Kwa wanawake wa pwani hii, mwani ulileta cha kumiliki. Na tumefundishwa kwamba Nabii Daud, amani iwe juu yake, pamoja na ufalme wake, alikula kutokana na kazi ya mikono yake. Kwa hiyo hatukushangaa kumwona bibi akiitazama mikono yake iliyokwaruzwa na kamba bila ya kuionea haya.

Mwanawe wa kike, mama wa makamo aliyekuwa akifunga mbegu safu ya pili, hakuwa na furaha kiasi hicho. Yeye ni mtu wa hesabu. Alituhesabia kamba zake, siku zake za bamvua, magunia yake, kisha akafika kwenye bei. Kwa miaka mingi kilo moja ya mwani mkavu wa aina ya spinosum ilinunuliwa kwa shilingi mia chache tu, na anayepanga bei hiyo si yeye.

“Mgongo ukiniuma naukanda kwa mafuta ya nazi,” alisema. “Mizani ikiniuma sina pa kuikanda.”

Ipo aina nyingine, cottonii, ambayo bei yake ni nzuri zaidi. Zamani ilistawi hapa hapa tulipokuwa tumesimama, maji yakitufika magotini. Lakini maji haya ya kina kifupi yamezidi kupata joto, na cottonii haivumilii: matawi hugeuka meupe, hulegea, hukatika. Watafiti wa mambo ya bahari wa Zanzibar, akiwamo Dk. Flower Msuya ambaye amefanya kazi na wakulima kwa miaka mingi, wamejaribu kuipeleka kwenye maji ya kina, ikiwa ndani ya nyavu ndefu mfano wa mirija, na huko hukua vizuri zaidi. Wapo pia wanaosaga spinosum kuwa unga na kutengeneza sabuni yenye mafuta ya nazi na karafuu, ili thamani ibaki kijijini. Tulinunua vipande viwili.

Sasa ikaja zamu ya mjukuu. Yeye hafanyi kazi ya mwani. Hufua mashuka katika hoteli moja ya pwani, na siku ile alikuwa likizo akamsaidia mama yake. Tulimuuliza kazi ipi ni bora.

“Ya hoteli naijua tarehe ya mshahara,” alijibu. “Lakini huko naambiwa lini nikae na lini nisimame, na masika wageni wakipungua naambiwa nikae nyumbani. Mama hapa haambiwi na mtu. Ningependa kufanya kazi kama yake, ila si kwa bei hii. Ningekwenda kwenye maji ya kina.”

“Na kwa nini huendi?”

Akaangalia chini. “Sijui kuogelea.”

Mama yake aliacha kufunga mbegu. Alisema na yeye hajui, naye kazaliwa hatua chache kutoka baharini. Bibi naye hajui. Vizazi vitatu vimekula kutokana na bahari, na hakuna aliyefundishwa kuelea juu yake, kwa sababu kuogelea kulihesabiwa ni mambo ya wavulana. Maadamu riziki ilikuwa ya magotini, halikuwa na madhara makubwa. Sasa riziki iliyo nono imesogea mbele, na wao wamebaki nyuma wakiitazama.

Tuliwaambia tunayoyajua: kwamba huko Nungwi, kaskazini ya kisiwa hiki hiki, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamejistiri kwa vazi refu la kuogelea, na dini yao haikupungua kitu. Ndugu msomaji, tukiwa wazazi tunawatafutia binti zetu madrasa, skuli na cherehani. Kwa mtoto wa pwani, hili nalo ni katika malezi, na ni katika kulinda uhai.

Maji yalianza kurudi. Yalitufika kwenye mapaja, na wanawake wakaanza kutoka mmoja mmoja na magunia yao kichwani. Tukamuuliza bibi kama angekubali mjukuu wake afundishwe.

“Akijistiri, na anayemfundisha akiwa mwanamke mwenzake, nimkataze kwa lipi?” alisema. “Mimi miaka yote hii nayaogopa maji, na kila siku yanakuja vile vile.”

Akajitwika gunia lake, akatutangulia kuelekea nyumbani, kwenye mlango wake.