Msimu wa Beringi

Mwaka 1994 Soweto East, kwetu Kibera, haikuwa na njia ambayo kigari cha beringi kingeweza kupita. Tulikuwa na vichochoro vya udongo vyenye mitaro ya maji machafu katikati, na mvua za Aprili zikianza, hata mkokoteni wa mitungi ya maji ulikwama. Beringi, ambazo ndizo magurudumu yake, ni chuma kitupu. Ikiingia kwenye tope haina lake. Kwa hiyo mbio zetu zote tulizifanyia kwa watu, kwenye mteremko wa lami wa upande wa Nyayo Highrise, Jumapili alfajiri, saa ambayo soja wa usiku ameshachoka kutufukuza na wa mchana hajafika.

Aliyetutia kichaa hicho ni Patrick Njiru, dereva wa rali. Pasaka ya 1993 tuliteremka kwa miguu mpaka KICC kuangalia magari ya Safari Rally yakiondoka. Magari ya Toyota yalikuwa pale, mataa yamejaa mbele, vyuma vya kukinga ng'ombe, na bomba limepanda kando ya kioo ili injini ivute hewa gari likiwa ndani ya mto. Hayo tuliyategemea. Hatukutegemea Subaru Vivio, kigari chenye injini isiyofika cc 700, kimesimama katikati ya wakubwa kama mtoto aliyepotelea kwenye baraza la wazee. Colin McRae, Mskoti, alikuwa na kimoja, akakikimbiza vibaya sana hata watu wakashangaa, kisha kikavunjika. Njiru alikuwa na kingine. Chake kikarudi Nairobi. Toyota zilichukua nafasi nne za mwanzo mwaka ule, Juha Kankkunen akiwa wa kwanza, lakini kwetu hilo lilikuwa jambo dogo. Tulisikia kwenye redio kwamba Njiru amemaliza, basi.

Pasaka iliyofuata mambo yakawa makubwa zaidi. Ian Duncan akashinda na Toyota yake, Mkenya wa kwanza kushinda Safari tangu Shekhar Mehta mwaka 1982, na Njiru akamaliza wa nne kwa Subaru Impreza. Shule zilikuwa zimefungwa. Kabla wiki haijaisha, kila plot yenye mvulana wa miaka kumi na zaidi ilikuwa na mlio wa nyundo.

Kigari chenyewe ni kiti kimoja. Ubao mmoja mrefu wa kukalia, mti mmoja umepigiliwa nyuma kwa misumari, na mwingine mbele umeshikwa na bolti moja tu katikati ili uzunguke. Usukani ni kamba, au miguu ya dereva mwenyewe. Ncha za miti hiyo unazichonga kwa panga taratibu, unapima, unachonga tena, kisha unaipigilia beringi mpaka ikae. Ukichonga sana, inacheza na kuchomoka mteremkoni. Ukichonga kidogo, mti unapasuka na umepoteza asubuhi nzima. Breki ni kipande cha tairi kwenye kijiti, na kuna waliosema breki ni ya waoga. Mtoto mmoja wa fundi viatu alifunga bua la mpapai kando ya kigari chake, lile bomba la Toyota, ingawa hakukuwa na injini ya kuvuta hewa wala mto wa kuvuka. Hatukumcheka. Kila mmoja wetu alitamani angeliwaza yeye.

Shida ilikuwa beringi. Mbao unaokota, misumari unainyoosha, bolti unaomba. Beringi inatoka ndani ya gari la mtu, na haitoki mpaka iwe imekufa au karibu kufa. Tulikuwa tukienda Kirinyaga Road, ambayo wazee wetu bado waliiita Grogan, tunazunguka kwenye magereji tukiwaamkia makanika mmoja mmoja. "Shikamoo mzee, huna beringi mbovu?" Wengine walitufukuza. Wengine walitutuma maji na chai tangu asubuhi mpaka jioni ndipo watupe moja, nayo imeliwa upande. Unahitaji nne. Mbili kubwa za nyuma na mbili ndogo za mbele, na zikipishana ukubwa kigari kinakwenda upande kama kaa.

Ndiyo sababu bingwa tulimjua kabla ya mbio kuanza. Mjomba wake alikuwa makanika Grogan. Beringi zake zilikuja nne kwa mpigo, zimefungwa kwenye gazeti, bado zina grisi. Alijiita Kankkunen, na kusema kweli jina lilimfaa.

Wangu alijiita Njiru. Nasema wangu kwa sababu mimi nilikuwa navigeta wake. Kwenye gari la mtu mmoja navigeta hana pa kukaa, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kumsukuma mgongoni mpaka kwenye mstari wa chaki, nimwachilie, halafu nikimbie nyuma nikipiga kelele za kona. Sikuchaguliwa kuwa dereva kwa kuwa nilikuwa mwembamba. Mteremkoni mzito humwacha mwepesi, na hilo tuliligundua wenyewe kabla mwalimu yeyote hajatufundisha. Wepesi walipakia tofali mapajani. Njiru hakuhitaji tofali.

Jambo lingine tulilogundua ni mafuta. Grisi inailinda beringi lakini inaishika, na asubuhi ya baridi ndiyo kabisa. Ukiiosha kwa mafuta ya taa inaruka, unasikia mlio umebadilika kutoka ngurumo mpaka kipenga. Lakini inakimbia kavu, inapata moto, na baada ya mbio chache vigololi vinaanza kusagika. Kankkunen aliosha zake kila Jumapili, alikuwa na za kubadilisha. Sisi tulibaki na grisi tukashika nafasi ya tatu, ya nne, tukijiambia kwamba Safari ni kumaliza. Nadhani tulikuwa sahihi, ila ni rahisi kuwa na falsafa hiyo ukiwa huna beringi ya pili.

Pointi tulizipata kwa kinyozi. Kulikuwa na gazeti lenye jedwali la ubingwa wa dunia: 20 kwa wa kwanza, 15 kwa wa pili, 12 kwa wa tatu, 10 kwa wa nne. Tukalinakili nyuma ya daftari la hesabu. Mwamuzi alikuwa mama aliyeuza mandazi chini ya mteremko, maana yeye alikuwepo saa hiyo kila Jumapili na hakuna aliyethubutu kubishana naye.

Habari zilifika Kawangware, sijui kwa njia gani. Jumapili ya mwisho wa likizo wakaja vijana wa huko, kutoka kituo cha 46, wamevibeba vigari vyao begani kuvuka Ngong Road na Kibera yote. Kimoja kilikuwa na usukani wa kweli, wa mviringo, wa Datsun, umeunganishwa kwa waya. Tulikizunguka bila kusema neno. Kwenye mbio zenyewe waya ule ulikatika mita chache kutoka kwenye chaki, na dereva wake akaingia mtaroni akiwa bado ameushikilia usukani kifuani.

Asubuhi ile ilikuwa imenyesha. Lami ikilowa, beringi haishiki kitu. Unateleza zaidi kuliko unavyobingirika. Kankkunen, na beringi zake zilizooshwa, alianza kuyumba mapema akalazimika kutumia breki. Njiru hakuyumba. Alipita wote, na nikawa nakimbia nyuma nikilia kwa furaha, mpaka kwenye kile kibonde kilichokuwa karibu na mwisho. Gurudumu la mbele liliingia, kigari kikaruka, Njiru akabaki hewani peke yake. Alianguka kwa bega. Kigari kiliendelea. Kilishuka chenyewe, wima, kikavuka mstari cha kwanza na kusimama kwenye karai la mandazi. Kankkunen akafuata akiwa juu ya chake. Njiru akafika wa tatu kwa miguu, anachechemea.

Tulibishana mpaka jua likatoka. Upande wetu ulisema gari limefika, na kwenye Safari watu wanasukuma gari lao, wanalivuta kwa kamba, wanalipindua likianguka, na linahesabiwa. Upande wao ulisema dereva lazima awe ndani. Mama wa mandazi alifuta mafuta kwenye mikono yake, akauliza kilichofika ni mtoto au ni mbao. Akatupa nafasi ya pili, pointi 15, na akatudai mandazi yaliyomwagika.

Msimu mwingine haukuwepo. Mwaka uliofuata ilikuwa mpira. Nyumba tulizokulia zilivunjwa; tangu 2009 watu wa Soweto East walihamishiwa kwenye ghorofa za Lang'ata, na mahali petu, Zone A, pakajengwa nyumba 822 zilizokabidhiwa mwaka 2016. Safari nayo ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002 na kurudi 2021, Naivasha. Mwaka ule walikuwamo vijana watatu wa Kenya kwenye Ford Fiesta: Jeremy Wahome, Hamza Anwar na McRae Kimathi. Huyo wa mwisho baba yake, Phineas Kimathi, alikuwa dereva wa rali, akampa mwanawe jina la yule Mskoti wa Vivio. Mwaka 2022 kijana akaenda kushindana na vijana wenzake wa dunia kwenye theluji ya Sweden. Nilifurahi kweli. Pia nilimkumbuka mjomba wa Grogan. Kwenye mchezo huu mtoto haanzi na kipaji, anaanza na mtu mwenye vipuri.

Njiru wetu ni dereva wa lori la njia ya Malaba. Kila wiki ya Safari hutuandikia kwenye kundi letu la WhatsApp, ambamo Kankkunen pia yumo, ujumbe uleule: gari lilifika la kwanza, nirudishieni pointi zangu tano. Kankkunen humjibu kwamba amwulize mama wa mandazi.