Alama Nne Sakafuni

Kila neno nililosema jioni ile lilikuwa kweli. Labda ndiyo sababu ilinichukua mwezi mzima kutambua kwamba nilikuwa nimedanganya.

Ilikuwa Jumatano ya Novemba, Dar es Salaam, joto la kukausha koo. Ushirika wetu wa wanafunzi hukutana darasani baada ya vipindi vya jioni, na siku hiyo feni moja ilikuwa imekufa, kwa hiyo wote tulikuwa tumejibana upande wa madirisha. Muda wa shuhuda ulipofika nikanyoosha mkono. Nikasema, "Bwana Yesu asifiwe," wakaitika, nikarudia kama ilivyo desturi, wakaitika kwa nguvu zaidi.

Nikawaeleza kwamba nilikuwa nadaiwa laki tisa za ada ya shahada ya uzamili, awamu ya kwanza, na usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa. Kwamba nilifunga siku tatu kwa maji tu. Kwamba siku ya nne, saa tano asubuhi, nikiwa maktaba, simu ilitetemeka mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na ilipotulia laki tisa zilikuwa zimetimia. "Sikumwomba mtu hata shilingi," nikasema. "Nilipiga magoti tu. Na ada ikalipwa."

Vigelegele vilivyopigwa sitavisahau. Mtu mmoja alikuwa amerekodi, akanitumia ile video, nami nikaiweka kwenye status yangu ya WhatsApp. Usiku nilipoangalia walioitazama, jina la dada yangu lilikuwa la pili kutoka juu. Nilitegemea ataandika "Ameni". Hakuandika kitu.

Zile jumbe tatu za M-Pesa zilikuwa na jina la mtumaji. Lilikuwa jina lake, yote matatu, kwa herufi kubwa.

Ninasoma isimu ya Kiswahili. Naweza kueleza kwa usahihi kabisa nilichokifanya. Kuna kauli inaitwa ya kutendwa: ile inayomtoa mtenda mbele ya sentensi na kumwacha mtendwa atawale. "Dada alilipa ada" inageuka "Ada ililipwa na dada." Halafu unaweza kukata mwishoni, ukaishia "Ada ililipwa," na sentensi bado imesimama wima, haina kosa lolote. Mtenda hayupo na sarufi haimdai.

Na lile la kutomwomba mtu? Wiki moja kabla nilikuwa nimempigia dada. Kweli, sikutaja pesa. Nilimwambia usajili unafungwa Ijumaa, hali ni ngumu, basi tuombeane. Mtu yeyote aliyelelewa kwetu anajua maana ya mdogo wako kukupigia simu usiku na kusema tuombeane.

Disemba nikasafiri kwenda nyumbani Njombe. Basi liliondoka stendi ya Mbezi alfajiri, tukapita Mikumi, tukapanda Kitonga taratibu nyuma ya malori, na tulipoikaribia Makambako tayari nilikuwa nimevaa sweta. Nilifika usiku, mvua inanyesha. Dada alinipokea mlangoni na "Kamwene" yake ya kila siku, akanipa chai, akanionyesha pa kulala: chumba cha mbele, ambako huwa anashonea.

Asubuhi ndipo nilipoona. Chini ya dirisha, mahali pa cherehani, palikuwa wazi. Kwenye saruji kulikuwa na alama nne za miguu ya ile meza ya chuma, zimechimbika kidogo, na katikati yake sakafu ilikuwa na rangi iliyofifia zaidi kuliko kwingine kote. Nadhani ni kwa sababu ya miguu yake, miaka yote ile ya kukanyaga.

Dada yangu alijifunza ushonaji kwa fundi wa mtaani baada ya baba kufariki. Mimi nilikuwa darasa la tano. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na hakukuwa na pesa ya kumwendeleza yeye na mimi pamoja. Hakuna aliyeitisha kikao. Alianza tu kwenda kwa fundi. Kaptula zangu za shule za msingi alizishona yeye, na suruali za sekondari pia. Anashona mwaka mzima, lakini mavuno yake halisi ni Disemba na Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa na kila mzazi wa mtaa anataka sare. Fundi anayeuza cherehani yake Novemba ni sawa na mkulima anayeuza jembe siku mvua inapoanza kunyesha.

Nilimkuta jikoni anamenya viazi.

"Dada, cherehani iko wapi?"

"Si ndiyo uliyosajiliwa nayo?" Alicheka. Hakikuwa kicheko cha kunichoma, alicheka kweli, na hilo ndilo lililonimaliza.

Nikakaa kwenye kigoda. Akanipa kisu, nami nikaanza kumenya. Baada ya muda akasema cherehani ilitoa laki nne. Laki tatu na nusu alikopa kwenye kikoba. Laki moja na nusu ilikuwa ya viazi. Kwa sasa alikuwa anashonea kwa fundi mwenzake sokoni, alfajiri kabla mwenyewe hajafika na usiku akishaondoka, na pesa wanagawana nusu kwa nusu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesoma?"

Tukamenya. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Video yako niliiona. Nilimwonyesha na mama. Mama akauliza hizo pesa zilitoka kwa nani, nikamwambia kwa Mungu."

Nilitaka kusema kitu, akaendelea.

"Sikumdanganya mama. Na mimi niliomba, si uliniambia tuombeane? Niliomba usiku kucha Mungu anionyeshe cha kufanya. Asubuhi nikafungua dirisha, nikaiona cherehani." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Wewe ulijibiwa kwa kupokea, mimi nikajibiwa kwa kutoa. Wote tulijibiwa. Ila mdogo wangu, siku ile unamshukuru Mungu mbele za watu, mimi ulinikumbuka?"

Ningeweza kumwambia kwamba nilisahau. Lingekuwa jibu jepesi, na pengine angelikubali. Lakini sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimesimama pale mbele nikiwa na jina lake mdomoni, nikalimeza. Kwanza, kwa sababu katika ushirika wetu ushuhuda wenye binadamu ndani yake unaonekana mdogo. Dada kukutumia pesa, hiyo si kawaida tu? Nani atapiga kigelegele? Pili, na hili ni gumu zaidi kuliandika, nilikuwa naona aibu. Wenzangu wengi wanalipiwa na wazazi au waajiri. Sikutaka wajue kwamba mimi nasomeshwa kwa kushona. Nikaona heri niwe kijana anayelishwa na Mungu moja kwa moja, bila mikono ya mtu katikati.

Nilimwambia yote hayo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema maji yamechemka.

Jumapili tulikwenda ibadani, kanisa la Kilutheri lilelile nililobatizwa. Wakati wa sadaka, mawazo yangu yaliangukia habari ya mikate mitano na samaki wawili. Nimeisikia tangu shule ya Jumapili. Injili zote nne zinaisimulia, lakini mtoto mwenye mikate yumo katika Yohana peke yake. Ukisoma Mathayo, Marko au Luka, mikate ipo tu, mtoto hatajwi. Muujiza haupungui katika Yohana kwa sababu mtoto ametajwa. Watu wanashiba vilevile. Niliwahi kufundisha kipindi kizima kuhusu habari hiyo, na hata siku moja sikujiuliza kama jioni ile yule mtoto alikuwa na njaa.

Niliporudi chuoni Januari nilimwomba kiongozi wa ushirika nafasi ya kurekebisha ushuhuda wangu. Alisita. Aliogopa nitawakwaza waliookoka karibuni, na sidhani kwamba alikuwa na nia mbaya. Tukakubaliana niseme kwenye kikundi kidogo cha maombi, watu tisa.

Haikuwa kama ile ya kwanza. Sauti ilinitetemeka. Nikasema Mungu alinijibu, hilo silifuti, lakini alinijibu kwa mkono wa mtu, na mtu huyo aliuza cherehani. Nikataja majina yake yote matatu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Kulikuwa na ukimya mbaya, kisha dada mmoja wa mwaka wa kwanza akauliza, "Sasa anashonea nini?" Lilikuwa swali ambalo mimi mwenyewe nilipaswa kuliuliza Novemba. Nikamweleza. Tukamwombea kwa jina, halafu tukaenda kula.

Sijawa mtu mwingine. Bado najikuta nikisema "nimebarikiwa" kwa ile kauli iliyokatwa mwisho, na nalazimika kurudi nyuma kuitafuta ile "na" iliyodondoka. Nimebarikiwa na nani? Na Mungu, ndiyo. Kupitia nani? Siku nyingine jibu ni mhudumu wa maktaba aliyeniongezea nusu saa. Siku nyingine ni mama ntilie anayeniwekea wali kwa mkopo. Maombi yangu yamekuwa marefu kidogo kwa sababu yana majina mengi, na yana maswali pia, kwa kuwa ukishataja jina la mtu ni vigumu kutojiuliza kama amekula.

Nimepata kazi ya kuhariri tasnifu za wenzangu, ukurasa kwa ukurasa, na kila mwezi natuma kitu. Mkopo wa kikoba umeisha. Cherehani bado. Nilipomwomba dada ruhusa ya kuandika habari hii alikubali, ila akakataa jina lake lisiandikwe. "Andika tu dada," alisema. "Uliowaambia wametosha."

Mwezi uliopita nilimtumia elfu themanini. Akajibu, "Nimepokea mdogo wangu. Mungu ni mwema." Nikaweka simu mezani. Baada ya dakika moja ikatetemeka tena: "Na wewe unajitahidi."